Buibui wa Miguu Saba

Sisi tuliokuwa watoto Bujumbura wakati wa krize, ile miaka ya vita, tukikutana tunadanganyana. Iwe kwenye arusi au kwenye kilio, mmoja ataanza tu: mnakumbuka kuruka lastiki? Mnakumbuka buswage ya muhogo, ya moto, na ndagala zilizokaangwa mpaka zinalia mdomoni? Hapo tena hakuna anayekaa kimya. Tunacheka mpaka tunafuta machozi, na kila mtu anachagua cha kukumbuka na cha kuruka. Nami hucheka nao. Miaka yote hii nimechagua vizuri sana, hakuna aliyenishinda. Lakini mwezi uliopita msichana mmoja aliniletea kitambaa cheupe mlangoni, na tangu siku hiyo nimechoka kuchagua.

Basi nianze na yale matamu, msije mkasema sikuwa na utoto.

Tulikaa Gasenyi, pembeni kabisa mwa mji, upande wa kaskazini. Baba alikuwa fundi wa magari aliyekulia Buyenzi, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilitangulia Kirundi. Tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje, na ua wa majani uliotazama barabara. Baba aliukata ule ua kila Jumamosi kwa mkasi mkubwa mpaka juu ukawa bapa, na ole wako akukute umeuegemea. Shuleni tulikaa wanne kwenye benchi la wawili, na wa pembeni aliandika huku tako moja liko hewani. Tukitoka tunanunua andazi moja watu watatu. Mwenye andazi anaweka dole gumba mahali ambapo jino lako halitakiwi kuvuka. Ukivuka, urafiki umekwisha mpaka kesho asubuhi. Watoto wa sasa kila mmoja ana biskuti yake na simu yake, wamekaa kochi moja hawajuani. Mwambie mmoja wao aweke dole gumba kwenye biskuti ya mwenzake uone, atakuambia kuna mikorobi, vijidudu.

Mimi nilikuwa mtoto wa fujo. Kwenye lastiki niliruka mpaka ya shingoni, nguo ikichanika nairudisha nyumbani nimeikunja kiunoni. Nilivunja vikombe, nilifungua redio ya baba nione watu wanaoongea wamekaa wapi. Mama alinivumilia mpaka siku nilipokata rido, pazia la sebuleni, nimshonee mwanasesere wangu gauni. Siku hiyo hakunipiga. Alinishika kifundo cha mkono akanivuta barabarani.

"Mikono yako inatafuta shari," alisema. "Leo naipeleka kwa mutu ataifunga."

Mtu huyo alikuwa Matante Spesi. Hakuwa ndugu yetu. Kwetu kila mwanamke wa rika la mama ni matante wa watoto wote, na huyu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Asubuhi alikwenda kupiga mashine ya kuandikia kwenye ofisi moja mjini, na alasiri alikaa barazani na kitambaa cheupe magotini. Kushona alifundishwa na masera, watawa wa kanisa, alipokuwa msichana. Hakuuza hata kipande kimoja. Alishona kwa raha yake, akimaliza anampa mtu. Njia yetu yote, kila nyumba ilikuwa na kitambaa chake juu ya redio au juu ya kabati la vyombo, na mgeni akija mama wa nyumba anakinyoosha kwa kiganja ili kionekane.

Kazi yake haikuwa ile ya kuchora maua na kuyajaza rangi. Yeye alitoboa kitambaa kwa kukipunguza. Unahesabu nyuzi kwenye kitambaa kwa ncha ya sindano, unakata chache zinazolala, unazichomoa moja moja, zinabaki zile zilizosimama. Hizo zilizosimama unazishika nne nne, unazifunga kiunoni, zinakuwa miganda midogo kama ya mpunga, na katikati yake mwanga unapita. Jambo dogo tu, lakini ukikiinua dirishani unaona kitambaa kinapumua.

Siku ya kwanza nilikata kabla ya kuhesabu. Wee! Pembe nzima ikafumuka, nyuzi zikaniachia mkononi. Nikangoja kofi. Matante Spesi aliangalia, akavuta pumzi kwa pua.

"Ulihesabu?"

"Ndiyo, Matante."

"Apana. Kitambaa inasema hukuhesabu. Sasa rudisha."

"Kurudisha nini?"

"Nyuzi. Moja moja. Mahali ilitoka."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wiki mbili nzima, wenzangu wanaruka lastiki barabarani wananiita, mimi nimeinama nafuma nyuzi kuzirudisha kwenye kitambaa, juu ya huu, chini ya huu. Nililia, nilimchukia, nilimwombea ugonjwa mdogo tu wa siku tatu. Uzi wa mwisho ulipoingia, alikilaza kitambaa mezani, akapitisha kidole. Akaniletea kikombe cha chai yenye maziwa. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyehitaji kunituma kwake.

Alikuwa na sheria zake, na hazikuwa na majadiliano. Sindano haiachwi chini wala kwenye kiti. Tukimaliza aliichukua mkononi mwangu akaichomeka kwenye kola ya gauni langu, akaipiga kidogo kwa kidole, ndipo nimeruhusiwa kwenda. Na kazi ikiisha inafuliwa siku ileile na kuanikwa juani, juu ya ua, wazi. "Weupe iko kwa jua," alisema. "Ukianika ndani inakuwa ya njano, kama meno ya muzee wa tumbaku." Ua wake ulikuwa haufai, una miiba. Kwa hiyo vitambaa vyetu vilianikwa juu ya ua wa baba, na baba, yule aliyetufukuza sisi, kwa vitambaa vya Matante hakuguna.

Kitu kimoja tu kilinishinda, buibui. Ukichomoa nyuzi pande zote mbili, pembeni mwa kitambaa kunabaki dirisha tupu, hakuna uzi unaosimama wala unaolala. Hapo unatandika nyuzi zako mwenyewe kupita katikati, kama miguu, kisha unafuma kuizunguka mpaka unapata kiwiliwili cha mviringo. Buibui wa Matante Spesi alikuwa na miguu saba. Uzi wa mwisho hauvuki, unaishia katikati, na hapohapo unaanza kufuma. Mimi kila mara niliuvusha. Nikapata miguu minane, na ya minane haifumiki, uzi unarudia njia yake, mzunguko unalegea.

"Buibui ana miguu minane, Matante," nilimwambia. "Tumesoma shuleni. Huyu wako kilema."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Sawa, mwalimu. Basi mufume huyo wako wa shuleni."

Sikuweza kumfuma. Niliamua buibui si lazima. Nikaja na ujanja: mimi nitashona miganda, pembe atashona yeye. Nililisema hilo kila mahali bila aibu. Nililisema hata kwa mama yake Dezire, nyumba ya mbele yetu, alipokuwa ananisifia kitambaa. "Buibui inanishinda, hiyo ni ya Matante mwenyewe." Dezire alikuwa pale anakula maharagi. Alikuwa kijana mkubwa kwetu, ana miaka kumi na saba hivi. Yeye mwenyewe utotoni alikaa kwenye baraza ya Matante, akimshikia uzi. Kitambaa cha juu ya redio yao, buibui wanne wa pembeni, aliwahesabu miguu kabla yangu.

Komunyo yangu ya kwanza ilikuwa inakaribia, Matante Spesi akasema tutashona kitambaa cha meza yote, ya watu wanane. Tulikianza. Kisha krize ikaja.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Kwa watoto wao nitasema hivi: watu waliokula andazi moja waligundua ghafla kwamba ni makabila mawili. Mtaa mmoja ukawa wa hawa, mwingine wa wale, na aliyejikuta upande usio wake akaondoka au akauawa. Moshi ulipanda Kinama, tuliuona tukiwa jikoni. Siku nyingine mji wote ulifungwa, vijana wameweka mawe barabarani, hakuna shule, hakuna soko, hakuna ofisi. Watoto tulifurahi mwanzoni, eti likizo. Gasenyi yetu ikawa ya upande wetu. Naandika wazi: upande wangu mimi ndio uliofukuza. Na Matante Spesi alikuwa wa upande ule mwingine, jambo ambalo nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile nyumba yake ilipovunjwa.

Asubuhi hiyo, kabla vijana wa mtaa hawajafika, mama alikwenda kumchukua kwa mkono, kama alivyonivuta mimi siku ya rido. Alimwingiza chumba cha nyuma, akafunga dirisha. Baba alikuwa amekwama mjini kwa tajiri wake, barabara hazipitiki. Vijana walipokuja kuuliza, mama alisimama mlangoni na kanga kiunoni.

"Ameenda. Yuko Kibenga, kwa dada yake."

Kibenga ni mbali, ni upande wa kusini, karibu na ziwa. Walimwamini, maana mama hakuwa mtu wa kusema uongo. Wakaenda kuvunja nyumba. Tukasikia sahani zinavunjika, na Matante chumbani anasema kwa sauti ndogo, "Hizo ni za arusi yangu."

Siku tisa alikaa nasi. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na raha. Nilikuwa naye peke yangu toka asubuhi mpaka jioni. Dirisha lilikuwa na ufa mmoja, mwanga unaingia kama mstari, na yeye alihamisha kiti kuufuata. Alishona. Nadhani bila sindano angepiga kelele. Aliniambia, "Leta pembe, nikufundishe buibui mara ya mwisho, hii komunyo isipite." Nikasema kesho, Matante. Nilikuwa nimechoka kukaa gizani, nilitaka hadithi. Kesho yake pia nikasema kesho. Akacheka, akashona pembe zote nne mwenyewe.

Siku ya tisa alimaliza. Akakata uzi kwa meno, akajinyoosha, akalala. Mama alikuwa amekwenda kutafuta unga na chumvi kwa jamaa, saa nne za asubuhi, jua kali. Aliniambia nisifungue mlango, nisiongee na mtu, nisipeleke sahani mbili chumbani mchana. Alifikiria kila kitu, maskini. Juu ya kufua hakusema kitu, kwa sababu nani angefikiria kufua?

Kazi ikiisha inafuliwa siku ileile. Nilitaka akiamka akikute cheupe, anisifu. Nilikifua kwa sabuni na maji mawili, nikakikamua vizuri bila kukisokota kama alivyonifundisha, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakitandika juu ya ua wa baba. Juani, wazi. Nilivuta pembe zote nne zikakaa sawa, na buibui wote wanne wakawa wametazama barabara.

Nilikuwa bado nanyoosha wakati Dezire alipopita na wenzake watatu. Wenzake walipita moja kwa moja. Yeye alisimama. Akashika pembe, akaiinua, na nikaona kidole chake kinagusa miguu ya buibui mmoja mmoja.

"Hii imeshonwa lini?"

"Zamani."

"Uzi mupya. Nani alishona?"

"Ni mi."

"We? We si ulisema buibui inakushinda?"

"Nimejifunza."

Akaniangalia. Nasema kweli, sikuona ubaya usoni mwake. Alikuwa kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu. Akawaita wenzake warudi, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Leta sindano. Shona moja hapa, tuone."

Niliingia ndani nikapita mbele ya chumba cha nyuma. Ningeweza kumwamsha. Ningeweza kumnong'oneza, Matante, uzi wa mwisho unaishia wapi? Nilifikiri hivyo miaka mingi baadaye; siku ile nilifikiri tu kwamba nikichelewa wataingia. Nikachukua sindano, uzi, na kipande chenye dirisha tupu nililokuwa nimelitelekeza. Nikarudi, nikakaa chini kando ya ua, wao wamesimama juu yangu, kivuli chao kwenye kitambaa.

Nilitandika mguu wa kwanza. Mikono ilikuwa imetulia kuliko siku zote. Uzi ukavuka, ukarudi, ukavuka. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilijua kuna mahali unatakiwa kusimama, nilijua kabisa, na mkono ulipofika hapo ukapita. Nikafuma mzunguko mmoja, ukalegea. Nikafuma wa pili, ukafumuka wote.

Dezire aliinama, akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alihesabu mpaka nane.

Mlango wa mbele ukafunguka. Matante Spesi alikuwa amevaa viatu vyake vya ofisi na amefunga kilemba. Sijui alikuwa macho tangu lini. Alitembea mpaka kwenye ua kana kwamba amekuja kuangalia kama kitambaa kimekauka.

"Mumuache mutoto," alisema. "Ni mi nilishona. Na ndani hakuna mutu mwingine, mama yake hajui kitu. Niliingia mwenyewe."

Huo uongo wake ndio uliotuokoa. Nyumba yetu haikuguswa. Kabla ya kwenda aliniinamia, akachukua sindano mkononi mwangu, akaichomeka kwenye kola ya gauni langu, akaipiga kidogo kwa kidole. Kama kila siku tukimaliza. Alimtazama Dezire akamwita kwa jina, akamuuliza mama yake anaendeleaje. Dezire akajibu, "Hajambo, Matante." Nilimsikia kwa masikio yangu. Kisha wakaenda naye kuelekea mtoni, na mimi nikabaki nimekaa chini.

Hakurudi. Hatukuambiwa alipozikwa, kama alizikwa. Mama aliporudi na unga wake, aliona mlango wazi, akaona kitambaa juu ya ua, akaelewa vyote kwa wakati mmoja. Alikitoa, akakikunja mara nne, akakiweka kabatini chini ya mashuka. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka amekufa. Angenipiga. Laiti angenipiga! Komunyo yangu tulikula juu ya meza tupu.

Buibui nilimweza wiki ileile. Miguu saba, uzi wa mwisho unaishia katikati. Kumbe ni rahisi hivyo, mtoto wa miaka kumi anaweza kwa dakika chache akiamua. Nimewashona mamia tangu hapo, siuzi, nampa ninayemtaka. Naanika ndani. Wanangu wananicheka, "Mama, napu zako za meza zote za njano, juu ya nini hauaniki juani kama watu?" Nawaambia jua la siku hizi linachoma nyuzi.

Enzi zile tulikuwa na dole gumba kwenye andazi, tulijua mpaka jino la mwenzetu linapoishia, na bado ikawa vile ilivyokuwa. Watoto wa leo hawajui kuhesabu nyuzi, kitambaa cha meza wananunua cha plastiki kilichotobolewa na mashine, kikichafuka wanapangusa kwa sponji. Hawajuani na majirani. Kuna siku nawalaumu. Kuna siku nasema heri yao, hakuna mtu njiani kwao atakayejua mkono wa mtu kwa kuangalia pembe ya kitambaa.

Mwezi uliopita, basi, alikuja yule msichana. Mzuri, ana adabu, anaitwa Benita, anaolewa. Alikuwa na kitambaa cheupe kwenye mfuko, na picha kwenye simu: kitambaa cha zamani juu ya redio, kona imekuzwa.

"Tantine, hii ilikuwa ya bibi, imechanika. Nataka kama hii kwa meza ya arusi. Papa anasema huyu buibui mjini kote ni wewe tu unamujua. Ananiambia nikusalimie sana, mulikuwa majirani."

Nilimuuliza baba yake ni nani, ingawa nilishaona pua na paji la uso. Akaniambia. Mzee wa kanisa sasa, ana nyumba nzuri, watu wanamheshimu. Msichana alikuwa anatabasamu, hana kosa lolote, kitambaa amekishika kwa mikono miwili.

Sindano ilikuwa kwenye kola yangu. Nikaifunika kwa kiganja.

"Mwanangu," nilimwambia, "mimi buibui simuwezi. Muulize baba yako. Yeye aliniona nikishindwa."